Toba Inayobisha Hodi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza maharage kwa kopo. Lilikuwa kopo la bati, na kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani kiasi cha nusu kidole, ili likijazwa lionekane limefurika huku mnunuzi akiondoka na pungufu ya alicholipia. Pale kijijini kwetu, mkoani Kagera, wauzaji wengi walifanya hivyo na hakuna aliyekamatwa. Kisha Bibi akaokoka. Aliokoka katika ushirika wa ndugu, wale watu wa Uamsho waliokuwa wakikutana jioni majumbani, na kesho yake, siku ya gulio, hakwenda gulioni. Alijaza kikapu maharage akaanza kubisha hodi. Zilikuwa nyumba saba za wateja wake wa kila juma. Kila alipokaribishwa alisema maneno yale yale: nimekuwa nikikupunja, kopo hili nililibonyeza mwenyewe, nimekuja kukurudishia chako. Mama yangu, wakati huo mtoto wa miaka minane hivi, alimfuata nyuma amelibeba lile kopo, kwa sababu Bibi alitaka walione.

Mama anasimulia kwamba nyumba moja walicheka. Katika nyumba nyingine mwenye nyumba alinyamaza muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na jembe aliloazima kwa jirani misimu miwili nyuma, akaondoka nalo bila kuwaaga wageni wake. Nyumba ya saba walikuta kufuli mlangoni. Wenyewe walikuwa wamehamia Mwanza.

Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na kadiri umri unavyosogea naona jambo ambalo zamani lilikuwa likinipita. Bibi hakulitupa kopo. Aliligonga kitako kikarudi chini, likabaki na makunyanzi ya nyundo, akaendelea kuuzia lile lile hadi uzeeni. Na kila juma, kabla ya kwenda ushirika, aliketi kwenye kigoda jikoni akajiuliza safari hii ni kwa nani anapaswa kubisha hodi.

Makala hii namwandikia Mkristo ambaye ameshalia kwenye mikesha, ameshapita mbele kwenye mikutano ya injili zaidi ya mara moja, kila Jumapili anasoma sala ya maungamo pamoja na usharika mzima au kila Kwaresima anakwenda kitubio, na bado Jumatatu kopo lake lina kitako kile kile. Simhukumu, maana nami nimo. Ninachotaka kumwambia ni kwamba toba ina anwani. Huenda kwa mtu, hubisha hodi, hutaja ilichokuja nacho. Ile ambayo haijafika kwa mtu yeyote bado iko njiani, hata kama ilianza kwa machozi mengi.

Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Manabii wa Agano la Kale nao, walipowaita Waisraeli watubu, walitumia neno la kawaida la Kiebrania la kurudi, lile linalomfaa msafiri aliyegeuza njia akaelekea kwao. Majuto ni kitu kingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo anaweza kulelewa nyumbani miaka mingi bila kumwinua mtu kitini.

Soma tena habari za Yuda katika Mathayo sura ya 27, polepole. Yuda alijuta. Alikiri wazi kwamba amemsaliti mtu asiye na hatia. Hata vile vipande thelathini vya fedha alivirudisha. Ukitazama harakaharaka, alifanya karibu yote ambayo mchungaji angemwagiza. Lakini alibisha kwa makuhani, watu wasiojali, wakamwambia hayo ni yake mwenyewe, naye akaenda zake kufa peke yake. Petro alikana mara tatu usiku uo huo, akalia kwa uchungu. Yohana anasimulia kwamba siku Yesu alipotokea ufukweni mwa ziwa, Petro hakusubiri mashua ifike nchi kavu. Alijitupa majini kumwendea. Huwa nalitafakari sana tukio hilo. Mtu aliyekana kwamba anamjua, sasa anaogelea na nguo zake mwilini ili amfikie yule yule, akiwa bado hajui ataambiwa nini.

Wapo wanaouliza: nilishabatizwa, nilishaokoka, ya nini kutubu tena kila siku? Yesu aligusia jambo hilo alipomjibu Petro usiku wa kutawadhwa miguu. Aliyekwisha kuoga hahitaji kuoga tena mwili mzima, lakini miguu imepita njiani, na njia ina vumbi. Martin Luther, alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg mwaka 1517, hoja ya kwanza kabisa ilikuwa hiyo: kwamba Kristo alipowaita watu kwenye toba alikusudia maisha yote ya mwamini yawe toba. Wakati ule watu walikuwa wakinunua vyeti vya msamaha kwa fedha, wakivitunza kama risiti. Sisi hatununui vyeti, lakini wengi wetu tuna tarehe. Tunaitaja tarehe ya kuokoka kama mtu anayeonyesha risiti mlangoni.

Ndugu wa Uamsho walikuwa na tarehe zao pia, ila hawakuishia hapo. Mwanzo wa mwamko ule husimuliwa kuwa Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, wakati Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, walipokutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akiwa amechoshwa na ubaridi wa imani yake. Kutoka Gahini moto ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, ukafika kwetu Kagera na mikoa mingine ya Tanganyika, ukaingia Kenya. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuwa akifundisha wainjilisti pale Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa kijana, akiwa amekwenda Kampala kuwaambia viongozi wa kanisa lake kwamba wamelala.

Ndugu wale walikuwa na neno lao ambalo nalipenda kuliko mengi ya vitabuni: kutengeneza. Ukikosana na mtu unakwenda kutengeneza naye. Watu walirudisha ng'ombe, vyombo, fedha za serikali, vitabu vya shule. Wamisionari nao walijikuta wakiwaomba radhi watumishi wao wa jikoni, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka akiwa mwalimu kijana aliendesha baiskeli safari ndefu kwenda kwa mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia, ili amwombe msamaha kwa chuki hiyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1977, alitoroka Uganda kwa miguu kupitia milimani baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, na mwaka huo huo akaandika kitabu akieleza jinsi alivyomsamehe Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo. Siamini kwamba angeuweza msamaha huo kama hakuwahi kupanda ile baiskeli.

Basi tuanze na mdomo, kwa sababu hapo ndipo toba nyingi hufia. Katika lugha yetu kuna neno dogo linaloziua, nalo ni "kama". Tunalisikia mkesha wa mwaka mpya, siku ya kumuaga bibi harusi, kando ya kitanda cha mgonjwa: kama kuna mahali nilikukosea, unisamehe. Maneno hayo yana adabu, na kati ya watu wasiodaiana kitu yana uzuri wake. Lakini mtu anayejua alichofanya akiyatumia, amemtwika aliyekosewa kazi ya kutafuta kosa. Mwenzake hana la kujibu ila "usijali, hakuna kitu", na wote wawili wanajua kitu kipo. Ndugu wa karibu wa "kama" ni "shetani alinipitia". Shetani yupo, lakini hakuandika ile risiti ya uongo, wala mkono wake si uliochukua zile fedha. Tuna pia "ubinadamu" na "bahati mbaya". Ukitaka kujua kama unatubu, jisikilize: je, sentensi yako inaanza na "nili-"?

Nitoe mfano wa jambo linalozigusa familia nyingi sana siku hizi. Ndugu yako aliye ughaibuni alikutumia fedha za kuezeka nyumba yake. Mabati 20. Ulimwambia bei ni shilingi 30,000 kila moja, ukanunua kwa 26,000. Umekaa na 80,000 zake mwaka mzima, na kila anapopiga simu unajisikia vibaya, unazungumza haraka, unaikata. Kwenda kanisani na kusema "Bwana, nisamehe mimi mwenye dhambi" ni mwanzo. Kumpigia na kusema: "Kaka, yale mabati nilikuambia elfu 30, nami nililipa 26. Nilijua ninachofanya. Fedha yako ni 80,000, naituma leo." Hapo umefika mlangoni kwake. Sheria ya Musa katika Hesabu sura ya 5 ilimtaka mkosaji aungame, alipe kamili, kisha aongeze sehemu ya tano. Kwa hesabu hiyo ungetuma 96,000. Si kwamba msamaha wa Mungu unanunuliwa kwa hizo 16,000. Zinakubali tu jambo ambalo mkosaji hupenda kulisahau, kwamba aliyeibiwa hakupoteza fedha peke yake. Alipoteza na mwaka. Zakayo hakuambiwa na mtu atoe nusu ya mali yake na kurudisha mara nne. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, hesabu zenyewe zilimtoka mdomoni.

Huna cha kulipa? Nenda hivyo hivyo. Sema kiasi kamili, kisha sema utakacholipa kila mwezi, hata kikiwa elfu 5, na ukilipe kabla ya mchango wa harusi ya mtu yeyote. Mwenye mali akifariki, sheria ile ile ya Hesabu inakuelekeza kwa jamaa yake wa karibu. Fedha iliyoingia kwenye simu yako kimakosa ina mwenyewe, naye pengine anahangaika hivi sasa. Mfanyabiashara anayenunua mazao kwa lumbesa, mwenye mizani iliyochezewa, anayetia maji kwenye maziwa: hao hawawezi kumjua kila waliyempunja. Lakini kopo wanalo. Waligonge kitako kesho asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika. Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwajibu kila kundi kulingana na kazi yake: watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa, askari waache kudhulumu na waridhike na mshahara. Hakumtuma hata mmoja jangwani.

Ukishasema, nyamaza. Hili ni gumu kuliko kusema. Tuna desturi ya kumdai mtu msamaha papo hapo, tena mbele ya watu, na akisita tunamkumbusha Baba Yetu. Msamaha ni wake yeye aliyekosewa, na ana haki ya kuutafuta kwa Mungu kwa wakati wake. Kama anataka kukuuliza maswali, yajibu. Kama anataka kulia au kukutukana, mpe nafasi. Uliyeleta kopo umekuja kulionyesha, wala hukuja kusifiwa kwa kulileta.

Kuhusu kawaida ya kila siku, sina ratiba ndefu ya kukupa. Nilijaribu kuandika orodha za dhambi jioni, nikawa mhasibu wa nafsi yangu, sikumwona mtu yeyote isipokuwa mimi. Siku hizi, nikishazima taa, najiuliza swali moja: ni nani ambaye nisingependa kukutana naye kesho asubuhi? Jina huja haraka, mara nyingi kabla sijamaliza kuuliza. Wakati mwingine ni mwenzangu wa kazini niliyemsema vibaya mbele ya mkubwa wetu. Wakati mwingine ni dereva wa bodaboda niliyemjibu kama si mtu. Namtaja mbele za Mungu kwa jina lake, naomba rehema, kisha naazimia kumfikia kabla ya saa sita mchana, kwa sababu nimegundua kwamba ikipita saa sita napata sababu. Jambo dogo laweza kutengenezwa kwa simu. Zito linataka miguu. Ukituma ujumbe kwa jambo zito ili usiuone uso wa mtu, huo ujumbe ni uzio mwingine.

Anza na wale walio chini yako, kwa maana hao ndio wasioweza kuja kukudai. Dada wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi miwili "utaunganishwa" mwisho wa mwaka. Kibarua aliyechimba shimo na kuambiwa njoo kesho. Kumbukumbu la Torati inataka ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia wenyewe. Nimewahi kukaa kwenye kikundi cha maombi ambamo tuliomba machozi yakatutiririka kwa ajili ya taifa, na mwenyeji wetu alikuwa na deni la namna hiyo jikoni kwake. Msichana aliyetuletea chai ndiye aliyekuwa akidai. Nililijua hilo, nami sikusema. Mlango wa msichana yule niliubisha baadaye, kwa kuchelewa, na bado najisikia haya kuandika kwamba ilinichukua miezi.

Nyumbani kuna shida ya pekee. Baba wengi wa kwetu hawajui kuomba radhi kwa mdomo. Akimpiga mtoto kwa kosa ambalo si lake, au akimfokea mke mbele ya wageni, jioni hurudi na nusu kilo ya nyama, au kitenge, au anamtuma mtoto yule yule soda na kumwambia chenji abaki nayo. Familia inaelewa. Nyama inapikwa, na jambo linaisha bila kutajwa. Najua kuna upendo ndani ya ile nyama. Lakini mtoto anayekua hivyo anajifunza kwamba ukubwa ni kutokosea, naye akiwa mkubwa atanunua nyama yake. Mara ya kwanza nilipomwambia binti yangu wa miaka tisa, "Nilikupiga, na kumbe hukufanya. Nilikosea. Nisamehe, mwanangu," alinitazama kama niliyepatwa na ugonjwa. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ulikuwa hujui?" Nikajibu kwamba nilikuwa nimekasirika kwa mambo ya kazini, na nilijua sijauliza. Alifikiri, akasema sawa, akaenda kucheza. Heshima yangu haikupungua. Lililopungua ni woga, na nyumba ikakaa vizuri zaidi bila huo woga.

Kuna mahali ambapo kubisha hodi kunahitaji hekima. Ndugu wa Uamsho wenyewe walijifunza kwa uchungu kwamba ungamo la hadharani laweza kugeuka mashindano, au likamvua nguo mtu ambaye hayupo. Ukiungama uzinzi mbele ya kusanyiko ukamtaja mwenzako, umetubu kwa kutumia aibu ya mtu mwingine. Kipimo kinachonisaidia ni hiki: ungamo lisivuke mipaka ya madhara. Aliyekosewa mmoja aambiwe mmoja, na kilichofanywa mbele ya watu kitengenezwe mbele yao. Yale ya moyoni yasiyomgusa mtu yapelekwe kwa Mungu, na kwa mshauri mmoja anayejua kutunza siri. Wakatoliki wana padri aliyefungwa na siri ya kitubio. Sisi wengine tuchague kwa makini, maana si kila mzee wa kanisa ana kifua.

Na kuna milango ambayo mkosaji hapaswi kuibisha mwenyewe. Mwanaume aliyempiga mkewe hadi akakimbilia kwao asiende na wazee na Biblia kumrudisha. Toba yake ianze kwa kumwacha akae salama, kugharamia matibabu na watoto, na kukubali kwamba huenda hatarudi. Aliyemdhuru mtoto, mlango wake ni kituo cha polisi. Kiongozi wa dini anayeyamaliza mambo hayo ofisini kwa sala na soda hajamsaidia mtoto wala mkosaji. Msamaha wa Mungu haufuti hukumu ya mahakama. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa paradiso, na alifia msalabani mwake.

Vipi zile dhambi zinazorudi? Pombe, kubeti, picha za uchi kwenye simu usiku, ulimi usiotulia. Mtu ametubu mara arobaini, ya arobaini na moja anaona haya hata kufungua mdomo. Yesu alimtaka mwanadamu amsamehe mwenzake mara saba kwa siku ikiwa mara saba atarudi akisema ametubu, na sioni kwamba angewadai wanadamu ukarimu ambao Baba yake hana. Kwa hiyo rudi. Ila tazama pia njia unayorudia. Mamajusi walipokwisha kumwona mtoto walikwenda kwao kwa njia nyingine. Kama njia yako ya kutoka kazini inapita kwenye baa, toba ya leo ni kupanda daladala inayozunguka. Kama ni simu, ilale sebuleni. Kama ni kubeti, mwambie mkeo au rafiki akusaidie kutunza mshahara kwa miezi sita, na umwambie kiasi ulichokwisha kupoteza, kwa tarakimu. Uteja wa pombe ni ugonjwa pia, una tiba yake, na kwenda hospitali ni sehemu ya kurudi nyumbani.

Wengine wana shida iliyo kinyume. Wanajisikia wachafu muda wote na hawajui wametenda nini. Sauti inawaambia: wewe hufai, Mungu amekuchoka. Nimejifunza kuiuliza sauti ya namna hiyo swali moja, unanituma kwa nani? Roho wa Mungu akimhukumu mtu humpa jina la mtu, jambo lenyewe, na nguvu ya kuinuka. Sauti isiyo na anwani haina haki ya kukunyima usingizi. Ukishabisha pale ulipotumwa na ukarudi, kula chakula chako kwa amani, ukalale.

Sasa niseme jambo zito zaidi, na linanihusu kama mjukuu wa Uamsho. Gahini iko Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Miaka kama sitini baada ya watu kulia na kurudishiana vitu pale, nchi ile ile iliyojaa makanisa iliangukia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Aprili hadi Julai 1994. Watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Nyamata na Ntarama. Wapo Wakristo waliokufa wakikataa kutengana na wenzao, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini swali limebaki: watu waliojua kuungama sindano iliyoibwa, ilikuwaje wasiungame dharau iliyokuwa ikifundishwa shuleni na kuandikwa kwenye vitambulisho? Mimi nadhani walizoea kubisha kwenye milango iliyo karibu. Ule wa kabila jingine haukuwa kwenye orodha.

Baada ya hapo Rwanda iliwalazimisha wakosaji kubisha hodi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili, zilitaka ungamo lenye mambo kamili: ulifanya nini, wapi, pamoja na nani, na mwili uliutupa wapi. Zilikuwa na kasoro nyingi, na wapo waliosema uongo mbele yake. Lakini lile sharti la kuonyesha mahali mwili ulipo, ili mjane akazike, linanigusa kila ninapolikumbuka. Hapo "kama nilikukosea" haina nafasi.

Nasi tujiulize katika makanisa yetu. Utani wa makabila unaposemwa uchaguzi wa wazee ukikaribia, unatubiwa na nani? Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, ambao wote ni waimbaji wa kwaya, anakaa nao benchi moja kila Jumapili. Zaburi ya 51 inasomwa, wote wanaitikia. Mchungaji anayejua habari hiyo anaweza kuanza kwa kwenda kunywa chai kwa mjane, peke yake, na kumwomba radhi kwa miaka aliyonyamaza. Atoke hapo aende kwa shemeji.

Bibi alipokuwa mgonjwa mara ya mwisho alimwita mama yangu akamwambia kuhusu nyumba ya saba. Kumbe alikuwa ameibeba miaka yote ile, zaidi ya arobaini, akiuliza habari zao kila aliposikia mtu anatoka Mwanza. Hatimaye alikuwa amepata jina la mtaa. Mama alipomaliza msiba alipima kisado kimoja cha maharage, akaongeza juu yake, akapanda meli jioni pale Bukoba. Aliyemfungulia mlango asubuhi ile alikuwa mjukuu wa yule mama wa nyumba ya saba, mwanamke wa makamo, aliyekuwa hajawahi kufika kijijini kwetu. Mama alijieleza akiwa amesimama kizingitini, kutoka kopo hadi kufuli. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Akapokea kisado kwa mikono miwili, akamwambia mama aingie, na maharage yale wakayachagua pamoja, wakayabandika jikoni.